Kumuuliza mwenyekiti pesa ziko wapi ni kumhujumu?

Mwezi huu mmenimaliza. Kawaida barua zenu huwa za kila aina, huyu anauliza kama ni kuku mmoja au kuku moja, yule anabishana na shemeji yake kuhusu neno la bamkwe, lakini safari hii barua tano nilizochagua zote zinazunguka neno moja na ndugu zake: kuhujumu. Sijui ni nini kimeingia watu wa Nairobi, au labda najua, manake ukiwasha redio asubuhi chai haijapoa kabla hujasikia kiongozi fulani akilia ati mwenzake anamhujumu. Limetoka huko limeingia kwa vyama vyetu, kwa stoo, mpaka kwa sebule. Barua nimezipunguza kidogo bila kugeuza maana, na majina nimeyaacha kabatini.

Habari yako. Mimi ni katibu wa chama chetu cha akina mama hapa Umoja, tuko 22, tunachanga 1,000 kila mwezi na kuna pesa ziko benki za kununua ploti. Mwezi jana niliandika kwa grupu ya WhatsApp, kwa heshima kabisa, "Mwenyekiti naomba utuwekee stetimenti ya benki ya miezi 6 ndio nimalize ripoti." Ni hivyo tu. Akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu tukawa na mkutano kwake, chai imeshamiminwa, mandazi yako mezani, akasimama akasema kuna mtu hapa ndani anahujumu mamlaka yangu, na wote wakageuka wakaniangalia. Hata sikulielewa hilo neno vizuri, nilijua tu ni baya kwa vile lilivyotoka. Kurudi nyumbani nikamuuliza kijana wangu wa fomu three akasema ni kama kupindua serikali. Sasa mimi nimepindua serikali ya mandazi? Nieleze, na kama nilikosa niombe msamaha. — Katibu mwenye wasiwasi, Umoja

Dada Katibu, huo msamaha uweke kando kwanza tuangalie neno.

Kuhujumu limetoka kwa Kiarabu, hujum, na huko ni shambulio, tena la wazi. Watu wa Eastleigh wanaoangalia mpira kwa chaneli za Kiarabu wanalisikia kila wikendi, timu ikienda mbele mtangazaji anapaza sauti hujum, hujum, na hapo hakuna siri yoyote, watu kumi wanakimbilia lango na dunia nzima inaona. Kiswahili nacho kililipokea hivyo hivyo, kuhujumu ilikuwa ni kuvamia ghafla, watu wamelala, kijiji kikahujumiwa alfajiri. Maana hiyo haijafa, iko kwa kamusi na utaikuta kwa habari za vita. Lakini neno likatembea. Lilianza na mkuki, likaishia na msumari uliofichwa chini ya tairi.

Waliolisukuma sana huko ni ndugu zetu wa Tanzania. Mwaka 1983, wakati sukari, sabuni na khanga zilikuwa zimeadimika madukani, Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako wa walanguzi na watu waliokuwa wakificha bidhaa, na hao wakaitwa wahujumu uchumi. Sheria ikapitishwa mwaka huo huo, 1984 ikaja nyingine ikachukua nafasi yake, na mpaka leo huko mtu anapandishwa kizimbani kwa kosa la uhujumu uchumi, jambo ambalo sisi huku tungeliita ufisadi tukaendelea kunywa chai. Sasa mwangalie yule mlanguzi. Hajasimama barabarani na bunduki. Ana duka, anakusalimia vizuri, anakuambia pole mama sukari iliisha jana, na nyuma ya huo ukuta anaoegemea magunia yamepangwa mpaka dari. Hiyo ndio picha ya neno hili siku hizi. Huko huko wanalitumia kwa mpira pia, kipa akiachia mabao ya ajabu ajabu utasikia mashabiki wakisema huyu ametuhujumu, yaani jezi ni yetu lakini mikono aliikodisha kwingine.

Kwa hivyo mimi nikisikia mtu amehujumu, kitu cha kwanza natafuta ni pale alipojificha. Mhujumu hujificha, tena mara nyingi hujificha ndani ya nyumba hiyo hiyo, mtu wa nje atakuvamia tu lakini wa ndani ndiye anajua waya gani ukikatwa taa zote zinazima. Halafu natafuta kilichoharibika. Lazima kuwe na shughuli iliyokwamishwa, mpango uliovurugwa, pesa ambazo hazikufika kwa sababu kuna mtu alihakikisha hazifiki.

Turudi kwako. Umeandika kwa grupu yenye watu 22, jina lako liko hapo juu, na saa imeandikwa pembeni. Umemuomba mtu anayekaa na karatasi azilete ndio ripoti iishe. Siri iko wapi? Nini kimeharibika? Ulichofanya kina majina yake mengine mazuri tu, kumhoji, kumwomba hesabu, na ukitaka lile la magazeti sema kumwajibisha. Lakini kama ungemfuata mweka hazina usiku mkapatana msikumbushe watu mchango wa mwezi, ili siku ya mkutano sanduku likifunguliwa mama aonekane hajui kukusanya, hapo ningekuambia dada yangu umemhujumu, na tena umefanya vibaya sana.

Na mwenyekiti naye nisimtupe. Nadhani alichokuwa akitafuta ni umenivunjia heshima, au vile vijana wanasema umenianika, na hilo huenda ni kweli kabisa, mama wa umri wake kuulizwa pesa mbele ya watu wote, pengine hata mke wa mwanawe yuko kwa hiyo grupu anasoma. Ungempigia simu kwanza ingekuwa vizuri zaidi, hilo nakuambia bila kukuficha. Sema kuna tofauti kubwa hapo. Mtu akisema amevunjiwa heshima anaambiwa pole, chai inanywewa, mambo yanaisha. Akisema amehujumiwa tayari amekutangaza adui wa nyumbani, na adui haonyeshwi stetimenti. Ndio maana wakubwa wanalipenda hili neno kuliko maneno mengine yote, unauliza swali asubuhi, kufika jioni swali limekuwa kosa lako na hakuna anayekumbuka ulikuwa umeuliza nini. Wazee walisema mkubwa ni jalala, takataka za kila mtu huishia kwake naye anavumilia, sasa huyu jalala wetu ameona karatasi moja tu ikirushwa akaita askari.

Kijana wako wa fomu three mwambie kupindua ni kitu kingine kabisa. Kupindua ni kugeuza, kama chapati kwa kikaango, ya juu inakwenda chini. Sisi wa umri wangu hilo neno tulifundishwa Jumapili ya Agosti 1, 1982, wanajeshi wa angani walipoteka redio ya taifa na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kutuambia serikali imepinduliwa, na jua halijatua tukasikia tena haijapinduliwa. Mama yangu alitulaza chini ya kitanda Kariobangi siku nzima sisi watoto wanne na sufuria ya githeri, akiingia tu kututazama kama tumelala. Wewe uliomba stetimenti.

Msamaha wa kuhujumu usiombe. Andika hivi kama unataka amani, "Mwenyekiti sikukusudia kukuaibisha, kama uliumia pole sana. Stetimenti bado tunaihitaji." Halafu nyamaza, usiongeze emoji.

Niaje mkubwa. Mimi niko stoo, Industrial Area. Supavaiza aliniambia nipakie kwa lori katoni zilikuwa zimelowa maji, nikakataa, nikamwambia mbele ya wasee hiyo siwezi juu kastoma atarudisha na nitasemwa ni mimi. Juzi nimepewa barua ya onyo, iko kwa Kizungu, mama wa ofisi ya wafanyakazi akanisomea kwa Kiswahili akasema kosa ni kuhujumu mamlaka ya msimamizi. Beshte yangu anasema hiyo ni kesi ya polisi, unafungwa miaka 3. Ni ukweli? — Mtu wa stoo

Beshte yako amesikia kengele ila hajui ni ya kanisa gani.

Hiyo miaka 3 ilikuwepo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ilikuwa na kifungu cha 132 kilichosema ukitamka au kuchapisha maneno, au ufanye jambo lolote, la kufanya mamlaka halali ya afisa wa umma yadharauliwe au yakaidiwe, unaweza kufungwa muda usiozidi miaka 3, na cha kushangaza ni wewe mshtakiwa uliyetakiwa kuonyesha ulikuwa na sababu halali, wao walikaa tu wakangoja. Ni kwa kifungu hicho bloga Robert Alai alishtakiwa kwa maneno aliyoandika Twitter kumhusu rais. Akaenda Mahakama Kuu kukipinga, na Aprili 2017 Jaji Chacha Mwita akasema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba ya 2010, ile inayolinda uhuru wa kujieleza kwa kifungu cha 33. Kwa hivyo kwanza kiliangushwa, pili hata kingekuwa hai kilikuwa cha afisa wa umma, na supavaiza wa katoni si afisa wa umma hata akivaa tai.

Lakini usianze kusherehekea, manake kuna sheria nyingine inayokuhusu zaidi, ile ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 44 kinataja makosa makubwa yanayoweza kumfanya mwajiri amfute mtu papo hapo, na mawili yanakupitia karibu: kumtukana au kumdharau mwajiri au mtu aliyewekwa juu yako, na kukataa kwa kujua amri iliyo halali na inayofaa. Angalia hayo maneno mawili ya mwisho, halali na inayofaa, hapo ndipo unasimamia wewe. Kama katoni zililowa na mteja angeuziwa mali mbovu, swali la kujibiwa ni kama hiyo amri ilifaa. Na kifungu cha 41 kinasema kabla ya kukufuta kwa makosa ya nidhamu lazima uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kukaa hapo na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi. Lugha unayoielewa! Mimi nilipolisoma hilo nilifurahi kama mtu aliyeokota shilingi mia, manake lina maana huyo mama wa ofisini akichagua neno baya la Kiswahili si jambo dogo, ni sehemu ya mashtaka yako. Mimi si wakili, kazi yangu ni maneno, kwa hivyo hiyo barua ibebe uende nayo kwa chama chenu au ofisi ya leba, usiikunje kwa mfuko wa nyuma kama risiti.

Sasa neno. Ulichoshtakiwa nacho kwa Kiswahili kinaitwa kukaidi amri. Mkaidi hukataa macho makavu, unamwambia njoo anakaa, unamwambia kaa anasimama, na wale walimu wetu wa zamani walipenda kutuimbia mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi. Kumjibu mbele ya watu kwa namna ya kumshusha ni kumdharau, kama kweli ndivyo ulivyomjibu. Lakini kuhujumu hapana, tena ulifanya kinyume chake, manake ungetaka kumhujumu ungesema sawa bosi, ukapakia zile katoni, zile zimelowa sana ukazipanga chini kabisa zisionekane, halafu ukangoja simu ya kastoma iingie kwake. Nairobi hii hujuma nyingi huanza na hayo maneno mawili, sawa bosi. Anayekuambia siwezi mbele ya watu ana heri zake.

Buda mambo. Mimi ni konda, ruti ya Kayole. Kuna msee nilikuwa nafanya naye gari moja, nikienda off anashika mlango yeye. Sasa akaenda kwa mwenye gari polepole akamwambia nalala na pesa za skwodi. Nikapigwa kalamu. Mimi nikielezea watu nasema alinizunguka. Abiria mmoja mwalimu akanisahihisha ati niseme alinihujumu. Nani yuko sawa? — Konda bila gari

Pole sana kwanza. Na uko sawa wewe, mwalimu akipanda tena mwambie nimesema.

Kuzunguka ni neno zuri na watu wanaliona ni la mtaani tu lakini limejaa. Kumzunguka mtu ni kupita nyuma yake ukafika kwa yule anayemtegemea. Ndio maana linafaa sana mambo ya mamlaka, dereva akitaka gari liende gereji na wewe konda ukampigia mwenye gari bila kumwambia dereva, umemzunguka dereva hata kama hukusema uongo hata mmoja, hata kama gari kweli lilikuwa bovu. Ngazi ilikuwa na vidato vitatu ukaruka cha katikati. Dereva atanuna na ana haki ya kununa.

Ila yule rafiki yako alifanya zaidi ya kuzunguka, alibeba na maneno ya uongo. Hapo kuna kuchongea, amekuchongea kwa mwenye gari, neno ambalo linatumika pwani na bara na halina haja ya kufafanuliwa, mtu anakaa na kisu kidogo cha maneno anachonga, anachonga, mpaka sura yako mbele ya mkubwa inakuwa sanamu la mwizi. Na kwa sababu ulipoteza riziki, watu wa pwani wangesema amekutilia kitumbua mchanga. Hebu fikiria kitumbua cha moto, umekingoja kwa jiko, umekishika na karatasi, unafungua mdomo ule, halafu kuna mtu anapita anakirushia mchanga. Huwezi kukiosha. Ukikiosha hakiliki, usipokiosha hakiliki.

Kuhujumu ungelitumia kama angekulegezea mlango, au akaficha vitabu vya risiti siku ya mahesabu ili zisilingane. Na labda alifanya hata hivyo, nyinyi watu wa magari nawajua.

Salamu. Mimi ni baba wa wawili, Kawangware. Nikiwaambia watoto hakuna katuni mpaka homuweki iishe, naingia bafu, na kabla sabuni haijatoka nasikia katuni zinaimba sebuleni. Mama yao amewasha. Nikitoka anazima, watoto wanashika kalamu kama malaika. Nilimwambia ananihujumu, akacheka siku mbili, na sasa watoto wananiita Mheshimiwa. Neno ni kali sana kwa nyumba au ni yeye hana heshima? — Mheshimiwa wa bafuni

Mheshimiwa, nimeisoma barua yako mara tatu na mara zote nilicheka, nisamehe.

Kwa maana, hujakosea hata kidogo, mpaka naona uchungu kukuambia. Siri iko, ni mlango wa bafu. Kinachoharibiwa kiko, ni homuweki. Mtu wa ndani yuko, na hata ana washirika wawili wafupi. Ukipeleka hiyo kesi kwa mwalimu wa Kiswahili unashinda.

Tatizo ni uzito. Kuna maneno yanakuja nyumbani na sare ya kazi, na hili ni mojawapo, linanuka mkutano wa waandishi wa habari. Ukimwambia mke wako ananihujumu anaona mbele yake maikrofoni saba, lazima acheke. Lingine la aina hiyo ni kukiuka, jaribu kumwambia mtoto amekiuka uone kama hatakuuliza amekiuka wapi. Nyumbani sema mnanila njama, kula njama lina utani ndani yake na bado linamfikia anayehusika. Au mwambie unaniangusha mbele ya watoto, hilo ni zito na ni la kweli, lakini liseme mkiwa wawili, watoto wamelala, sauti ya chini.

Kuhusu kama hana heshima, hilo si swali la safu hii, na pia nani anaoga saa ya homuweki?

Mwalimu mwenzangu kwa maneno, nafundisha Kiswahili darasa la nane... samahani, gredi ya nane, hizi gredi bado zinanipiga chenga, upande wa Dagoretti. Niliwapa wanafunzi watunge sentensi kwa neno hilo hilo lenu la mwezi. Nimeletewa "kuhujuma", nimeletewa "wanahujumana", mwingine "mamlaka zake zimehujumiwa", na kijana mmoja ameandika "Tulihujuma mwalimu wa zamu kwa kuficha kengele." Nisaidie na sahihi kabla sijarudisha vitabu. — Mwalimu wa Dagoretti

Haraka haraka, manake nafasi inaisha. Kitenzi ni hujumu, kina u mwisho, na jina lake ni hujuma, hujuma hii hujuma hizi. Kuhujuma haipo, ingawa nimewahi kuisikia kwa taarifa ya habari ya saa moja kwenye stesheni moja nisiyoitaja na nikarusha rimoti. Anayefanya ni mhujumu, wengi wahujumu. Kutendana ni kuhujumiana, kutendwa ni kuhujumiwa, hiyo i inaingia vile vile kwa kuhukumu na kushutumu, wanashutumiana, wamehukumiwa, kwa hivyo mtoto akikwama mpe hukumu amfuate kama kaka mkubwa. Uhujumu peke yake silipendi, husimama vizuri likiwa na uchumi nyuma yake, kwingine hujuma inatosha.

Mamlaka ndio huwa na vurugu. Neno lenyewe ni Kiarabu, mamlaka ni ufalme, Wasaudia wanaita nchi yao hivyo mpaka leo. Sisi tumeligawa mara mbili. Ukizungumzia nguvu ya mtu au cheo, sema mamlaka haya, mamlaka yake yamehujumiwa. Ukizungumzia ofisi, ile ya kodi au ya maji, ni mamlaka hii, mamlaka imesema, mamlaka imekata maji tena. Mtoto aliyeandika mamlaka zake zimehujumiwa alikuwa anamfikiria mtu mwenye ofisi nyingi, na Nairobi wapo, lakini mtolee nusu maki.

Huyo wa kengele sasa. Kitenzi amekosea, hapo weka alama nyekundu, tulimhujumu mwalimu wa zamu. Lakini soma tena sentensi yake. Ameficha, kazi ya mwenye mamlaka imekwama, na amefanya akiwa ndani ya shule amevaa sare. Ameelewa hili neno kuliko mwenyekiti wa Umoja na ile ofisi ya Industrial Area wakiwekwa pamoja, mimi ningempa alama ya maana yote. Halafu ningemuuliza kengele iko wapi.